Kwotabeki kuwekwa benchi halafu anarudi anachukua ubingwa: alibeba timu au alibebwa?

Mgeni_wa_Denver

Wakuu habari zenu. Mimi Mtanzania, niko Denver mwaka wa pili sasa, napiga zamu ya usiku kwenye ghala, na hapa kazini kama hujui habari za Broncos, timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, huna wa kupiga naye stori. Mchezo wenyewe ndo naanza kuuelewa elewa, mwanzoni nilidhani kwotabeki ni beki, kumbe ndo mgawa mipira, ubeki ni wa jina tu 😂

Sasa juzi wakati wa kula umezuka ubishi nusura watu wagombane. Supavaiza anasema kwotabeki wao Peyton Manning ndo kawapa ubingwa wa Super Bowl 50 (fainali ya ligi yao ya NFL, msimu wa 2015), kuna jamaa mwingine anasema mzee alikuwa kaisha zamani, alibebwa na walinzi kama mtoto mgongoni na hata benchi aliwekwa msimu uleule. Nikaenda kuangalia takwimu nikakuta kweli, pasi za tachidauni (yaani za kufunga, mpira unafika eneo la mwisho la wapinzani) 9 tu na pasi 17 zimeibiwa na wapinzani. Mtu wa namba hizo anarudishwaje kucheza mtoano? Na hao walinzi walifanya kitu gani hasa, maana mi nikiangalia naona watu wanarukiana tu. Naombeni mnieleweshe kwa lugha ya kijiweni.

KochaKijiweni

Jamaa yako yuko sahihi mkuu, ila usianzie 2015, anzia 2013. Msimu ule Manning alipiga tachidauni 55 na yadi 5,477, zote rekodi, Denver wakafikisha pointi 606 na hakuna timu iliyowahi kugusa 600 kabla yao. Wakaingia fainali na Seattle Februari 2014, tukajua leo ni mvua ya pointi. Mpira wa kwanza kabisa wa Denver ukapita juu ya kichwa cha Manning ukaingia eneo lao wenyewe la kufungiwa, na hapo wapinzani wanapewa pointi, sekunde 12 tu Seattle wana pointi 2 na hata jasho halijawatoka. Ikaisha 43-8. Mchezaji bora wa fainali akawa mlinzi, Malcolm Smith, aliyemwibia Manning pasi akakimbia nayo yadi 69. Na siku hiyo Denver walikuwa hawana walinzi wao Von Miller wala Chris Harris, wote wameumia magoti.

Hapo John Elway (aliyekuwa kwotabeki wao wa zamani, wakati huo ndo bosi wa usajili) akaona mbele kumejaa nyuma kuna tobo. 2014 hiyohiyo akamleta DeMarcus Ware kutoka Dallas, akamleta Aqib Talib, akamleta T.J. Ward, wote walinzi. 2015 akabadilisha benchi la ufundi, kocha mkuu Gary Kubiak, na ulinzi akampa Wade Phillips, mzee wa miaka 68 ambaye msimu wa nyuma alikuwa nyumbani hana timu!

Sasa unauliza walifanya nini. Kwotabeki ana kama sekunde mbili na nusu, tatu hivi, za kuamua anatupa wapi. Talib na Harris kule nyuma walikuwa wanawaganda wapokeaji mtu na mtu, yaani unataka kutupa huoni aliye huru, unasubiri kidogo, na ukisubiri kidogo Miller anatokea pembeni huku na Ware anatokea pembeni kule. Nyuma wanampa wa mbele muda, wa mbele anampunguzia wa nyuma kazi. Ukiangalia mpira peke yake utaona watu wanarukiana kweli, we mechi ijayo usiangalie mpira, angalia mtu mmoja wa pembeni kwenye ukuta tokea mwanzo mpaka mwisho, utanishukuru.

Fainali yenyewe na Carolina 24-10. Kwotabeki wao Cam Newton ndo kashachukua mchezaji bora wa ligi, timu yake imepoteza mechi moja tu kwenye msimu wa kawaida, akaangushwa na mpira mkononi mara 6. Miller alimpokonya mara mbili, ya kwanza Malik Jackson akaudaka ndani ya eneo la kufungia ikawa tachidauni, ya pili wakaudakia karibu na mstari na wakafunga. Denver upande wa kushambulia walipata yadi 194 mechi nzima, hakuna bingwa wa Super Bowl aliyewahi kupata chache vile. Manning yadi 141. Kabebwa, tena na mbeleko.

Nakuru_Kwa_Remoti

Hapana KochaKijiweni, hapo umemwonea mzee. Mimi hiyo fainali niliiangalia live Nakuru, ilianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, nikaenda job na macho mekundu kama pilipili, kwa hivyo usiniambie vitu za kusoma kwa mtandao.

Ni ukweli alikuwa vibaya. Novemba 2015 na Kansas City alikamilisha pasi 5 kati ya 20, akaibiwa 4, yadi 35. Na ujue siku hiyohiyo ndiyo alivunja rekodi ya kwotabeki wa zamani Brett Favre ya yadi za maisha yote, sherehe haijaisha anatolewa! Mguu ulikuwa unamsumbua chini kwa unyayo, akaingia kijana Brock Osweiler. Kijana akafanya vizuri, hata akawapiga New England kwa theluji muda wa ziada.

Lakini sasa mechi ya mwisho ya msimu na San Diego, wakishinda wanacheza mtoano nyumbani. Denver wanapoteza mpira ovyo ovyo, mara tano, watu wa uwanja wameanza kunung'unika. Kubiak akamwangalia mzee. Manning akaingia robo ya tatu, na ukiuliza alifanya nini kubwa nitakwambia hakuna, alitupa pasi kidogo tu, lakini alikuwa anafika pale kwa mstari anasoma ulinzi, anabadilisha pleyi (mpango wa shambulizi), wanakimbia upande wenye watu wachache. Wakashinda 27-20. Timu ilitulia kama nyumba baba amerudi. Na nusu fainali na New England ya kwotabeki Tom Brady ilichezwa Denver kwa sababu ya mechi hiyo, wakashinda 20-18, pointi mbili! Hiyo ingechezwa kule kwao karibu na Boston kwa baridi ya Januari tungekuwa na stori ingine hapa.

Kwa hivyo swali la "mtu wa hivyo anarudishwaje" jibu ni hilo. Ukiwa na ulinzi kama ule hutafuti wa kukushindia, unatafuta asiyekupotezea.

KochaKijiweni

Sentensi yako ya mwisho ndo hoja yangu mimi sasa, umenisaidia kuiandika vizuri 😅 ila la mechi ya San Diego nakupa.

Mgeni_wa_Denver

Aisee. Na huyo Osweiler ikawaje? Hapa kazini ukimtaja wanacheka tu hawaelezi.

shabiki_wa_benchi

Hahaha wana haki ya kucheka, huyo nimpe mimi maana ndo eneo langu. Machi 2016 Manning kastaafu, wiki hiyohiyo watu wanajua kiti ni cha Osweiler, kijana akasaini Houston miaka 4 dola milioni 72. Tetesi zilikuwa kwamba ile kutolewa nje na San Diego ili mzee aingie ilimuuma. Mwaka mmoja tu Houston wakamchoka, wakamtuma Cleveland NA JUU YAKE wakawapa chaguo la raundi ya pili ya drafti (zoezi la timu kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni) ili tu wachukue na mshahara wake. Yaani unamlipa mtu akuchukulie mzigo. Cleveland hawakumchezesha hata mechi moja ya msimu, wakamwacha, na akaenda wapi? Denver, benchi palepale.

Na Denver nao hawakupona, mzimu wa Manning uliwakalia. Hesabu makwotabeki na mimi: Siemian, Lynch, Keenum, Flacco, Lock, Bridgewater, kila mmoja anapokelewa kama mkombozi halafu baada ya muda unasikia kocha anasema "tunaangalia". 2022 wakamnunua Russell Wilson kutoka Seattle, wakampa mkataba wa dola milioni 245, 2024 wakamwacha huku bado wanabeba deni la milioni 85 kwenye hesabu za mishahara. Kuja kuingia tena mtoano ni huyu Bo Nix msimu wa 2024, akiwa ndo kwanza ametoka chuo.

Ila iliyoniua mimi ni Novemba 2020. Makwotabeki wao wote wakazuiwa siku moja kabla ya mechi na New Orleans kwa mambo ya korona, hakuna hata mmoja wa kutupa mpira. Wakamchukua Kendall Hinton, kijana wa kikosi cha mazoezi, mpokeaji, sababu tu chuoni aliwahi kuwa kwotabeki. Alikuwa kabadilishwa nafasi ndo apate mkate, sasa anaamshwa anaambiwa kesho rudi kwenye kazi uliyoiacha. Pasi 1 kati ya 9, yadi 13, wakapigwa 31-3. Watu wakacheka wiki nzima, mi sikucheka kivile, ile karatasi ya pleyi aliyovaa mkononi iko kwenye jumba la kumbukumbu la mchezo huo kule Canton. Kuna wanaume wamecheza miaka 10 hawana hata soksi kule.

Nakuru_Kwa_Remoti

Kama tunaongea kubadilisha kazi basi Wakenya tuko na Daniel Adongo. Alikuwa mtu wa raga, amecheza Afrika Kusini na New Zealand, 2013 Indianapolis Colts wakamchukua, hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu maishani, wakamgeuza mlinzi wa pembeni wa kuwinda kwotabeki. Msimu huohuo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Timu gani? Ileile iliyomwacha Manning 2012 juu ya shingo. Tatizo la mtu wa raga si nguvu, nguvu ako nazo, ni kwamba raga mpira unaendelea na hapa kila baada ya sekunde chache unasimama unaanza kufikiria upya, na ukifikiria polepole ushapitwa. Hakukaa miaka mingi lakini alifika.

Mgeni_wa_Denver

Nimeenda leo na hizo yadi 194 kwenye simu nikamwonyesha supavaiza. Kaangalia, kanyamaza, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha halafu ananiambia "sawa, na Elway naye alibebwa?" Jamani Elway tena ilikuwaje, zamu yangu inaanza saa nne.

KochaKijiweni

Mwambie Elway alipoteza fainali 3 akiwa anabeba kila kitu peke yake, halafu akachukua 2 mfululizo uzeeni baada ya kupewa Terrell Davis wa kukimbia na mpira, ya pili akastaafu nayo. Na kwenye zile zote 3 alizopoteza, kwotabeki wake wa akiba pale benchi alikuwa Gary Kubiak. Muache anywe kahawa nyingine hapo.