Miche ya shokishoki: mbegu au kubebesha?

Muulizaji: Wakuu habari zenu, niko Muheza nina kitalu kidogo cha miembe na michungwa, sasa wateja wananiulizia sana shokishoki, yale matunda mekundu yenye nywele. Nisie mbegu niuze hivohivo au lazima nibebeshe, yaani niunganishe mche na kipande cha mti mwingine? Jirani yangu anasema eti inashika hata juu ya mwembe.

Jibu: Mkuu usiuze ya mbegu. Shokishoki ina miti dume, inatoa maua weee lakini tunda huoni, na mteja anakuja kujua baada ya miaka mitano sita huko jina la kitalu limeshaharibika. Bebesha, chukua vikonyo (vijitawi vya kuunganishia) kwenye mti unaozaa, ambao matunda yake umeshayaonja mwenyewe.

Jibu: Hahaha mwembe tena? Ukoo mwingine kabisa huo, bebesha shokishoki juu ya shokishoki. Mbegu za mashina (miche ya chini unayobebeshea) osha utelezi usie mapema, zikikauka basi tena. Mche ukifika unene wa penseli bandika jicho (kichipukizi) la kile kikonyo, kaza nailoni maji yasiingie, uweke kivulini.

Muulizaji: Nimewapata wakuu. Huyo jirani nae anauza miche, sijui anawauzia nini watu.