Wageni wa Mwaloni: wanatubadili, au tunajibadili wenyewe?

Mtoa mada: Wadau, hoja ni hii. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, lina wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na tangu Julai 2025 ipo amri ya serikali ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, kuanzia rejareja na saluni hadi kutengeneza simu. Wako wanaosema imechelewa. Mimi nimo kundi hilo: vijana wa mjini hawajui Kisukuma, ngoma zimekufa, mgeni ndiye anayepanga kila kitu. Leteni hoja.

Chanja: Mkuu, anza na kayabo, yaani samaki wa chumvi, ngoma baadaye. Sangara wa kayabo hapasuliwi kama wa kukaanga. Anafunguliwa mgongoni, anatolewa matumbo na matamvua, anaoshwa damu yote, kisha anapangwa tabaka kwa tabaka na chumvi, kama kilo 1 kwa samaki kilo 3, na juu unaweka kitu kizito. Maji yamtoke siku kadhaa, ndipo aanikwe. Ukibania chumvi, funza wanaingia kwenye mkunjo wa nyama. Ukirudia chumvi iliyokwisha kutumika, samaki anageuka mwekundu na mnunuzi anamwacha hapo hapo.

Nani aliyetaka hivyo? Si mlaji wa Mwanza, anayemtaka mbichi au wa moshi. Ni soko la Kongo, na hata jina lisikilize: kule samaki wa chumvi ni makayabu. Mgeni kaja na neno, na kipimo, na namna ya kushika kisu. Mbona kina mama wanaopaka chumvi hawalalamiki kwamba utamaduni umeharibika? Wahindi nao walituachia laki, bima, gari na chapati, na leo nani anaziita za kigeni?

Mtoa mada: Umenisaidia hoja yangu. Leo anapanga samaki, kesho atapanga nini?

Salfeti: Wote mnapapasa pembeni. Mwenye nguvu mwaloni ni anayetoa mkopo, awe mgeni au mwenyeji. Nyavu, injini na mafuta vinatoka kwa tajiri, mvuvi analipa kwa samaki, na haruhusiwi kuuza kwa mwingine hata kama huyo anaongeza bei. Kwa dagaa ni kubaya zaidi, kwa sababu wanavuliwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu, mitumbwi inalala, na siku hizo nyumba nzima inakula deni. Jirani aliyesaidia kuvuta mtumbwi zamani aliondoka na kitoweo chake bila kuomba. Tajiri akishashika daftari, hata hicho kitoweo kinaandikwa. Hayo ndiyo mabadiliko ya jamii, na tajiri huyo mara nyingi ni mtu wa hapa hapa.

Tena angalieni mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Walaji wako China na Hong Kong, wengi wao hawatakanyaga Ukerewe maisha yao yote. Lakini bondo leo lina mnunuzi wake, mizani yake na bei yake, mbali na samaki mwenyewe. Mlaji huyo si mhamiaji.

Mgalu wa Kisesa: Ngoma haijafa, mtoa mada. Njoo Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, uone Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanavyonyang'anyana watazamaji. Na makumbusho yale ya Bujora yalianzishwa na Padri David Clement, mtu wa Kanada, kwa hiyo mgeni ametutunzia ya kwetu. Kisukuma kupungua mjini si kazi ya Mkongo. Watoto wa Mkara, Mjita, Mkerewe na Msukuma wakikaa uwanja mmoja Igogo wanaongea Kiswahili, na shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Halafu tusijisahau: Rukwa na Usangu wageni ni sisi Wasukuma na ng'ombe wetu. Lalamiko la wenyeji wa kule ni hili hili lako.

Kibali Daraja A: La sheria, maana watu wanalichanganya. Asiye raia akikutwa kwenye biashara iliyokatazwa, faini haipungui shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali cha ukaazi kinafutwa. Raia anayemsaidia ni milioni 5 au miezi 3. Watu wanasoma la kwanza tu. Mchezo wenyewe ni huu: leseni, namba ya mlipakodi na mkataba wa fremu kwa jina la Mtanzania, mtaji wa mgeni. Deni la kodi likija, anayefuatwa ni mwenye jina, ambaye hata funguo za duka hana. Na tukumbuke kuwa Kongo imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na itifaki ya soko la pamoja, inayofungua biashara kati ya nchi wanachama, ilianza Julai 2010. Kenya imeshailalamikia amri hii kwa hoja hiyo hiyo.

Mtoa mada: La ngoma nimekubali. Lakini jina la kukodi linaonyesha mgeni ana hela ya kutununua.

Salfeti: Ana nguvu kwa sababu mvuvi mdogo hapati mkopo wa benki kirahisi. Mfukuze leo, kesho tajiri wa Kirumba atakalia kiti hicho hicho na daftari lile lile.

Chanja: Na kayabo atapeleka huko huko Kongo.