Natafuta tamthilia za vita, ujasusi na uhalifu zisizo na chai

Mzee wa Remoti

Wakuu habari za muda huu. Jana usiku nimezima tv kwa hasira. Steringi kajibanza nyuma ya mlango wa gari, bati la kawaida tu, anamiminiwa risasi na watu sita na mlango haupitishi hata moja, halafu yeye na kibastola chake anafyatua weee mpaka nikaanza kuhesabu, nilipofika 31 hajabadili magazini nikasema basi. Juzi yake nilikuwa na ya majasusi, jamaa anabonyeza kompyuta sekunde kumi halafu anasema "nimeingia", yaani kaingia wizara ya ulinzi ya watu. Umeingia wapi bana.

Nataka kitu ambacho mtu aliyewahi kufanya hizo kazi akiangalia asicheke. Vita, ukachero, uhalifu, yoyote kati ya hizo. Lugha sio tatizo ilimradi kuna sabtaito. Ila msinimwagie mchele, nani anakufa nitajionea mwenyewe.

Kipanga88

Mkuu anza na The Wire. HBO, 2002 hadi 2008, sizoni 5, episodi 60, mji wa Baltimore kule Marekani. Walioipika ni David Simon aliyekuwa ripota wa uhalifu wa gazeti la huko huko, na Ed Burns aliyekuwa mpelelezi wa mauaji kabla hajaenda kufundisha shule, kwa hiyo mule ndani ni watu wanakumbuka, hawabuni.

Sizoni ya kwanza karibu yote ni polisi wanahangaika wasikilize simu tu. Na sio unachomeka waya unasikia. Kwanza kibali cha hakimu, na hakimu hatoi mpaka uandike makaratasi kuonyesha njia nyingine zote zimegoma, ukishapata lazima askari apande juu ya paa ashuhudie kwa macho kwamba aliyeshika ile simu ya barabarani ni mtu mnayemtafuta, la sivyo huruhusiwi kusikiliza maana anaweza kuwa bibi wa watu anampigia mwanae. Vijana wanaouza madawa ya kulevya nao wanatumia peja na namba za kificho, siri yake siisemi ila ikifichuka utachukua simu yako uangalie vitufe uone walivyokuwa wanakuchezea.

Kuna scene moja episodi ya 4, wapelelezi wawili wanaingia jikoni alikouawa dada mmoja miezi mingi nyuma. Dakika kama tano hawaongei kitu zaidi ya tusi moja wanalirudia, huyu kwa mshangao, yule kwa kulaani, utepe wa kupimia mkononi, picha za marehemu wamezitandaza, wanapima risasi ilipita wapi. Wakimaliza unajua muuaji alisimama wapi na hakuna aliyekueleza.

Nyundo ya Usiku

The Wire niliangalia episodi mbili nikalala zote mbili. Watu wamekaa tu kwenye kochi uani. Leteni zenye vumbi.

Kipanga88

@Nyundo ungevumilia mpaka hiyo ya 4. Unataka vumbi nenda Gomorrah ya Italia, 2014 mpaka 2021, genge la Napoli, wanaongea Kinapoli kizito mpaka Waitaliano wenyewe iliwabidi wawekewe sabtaito za Kiitaliano. Humo hakuna steringi, ukimpenda mtu ni kwa hasara yako.

Koplo Mstaafu

Mimi nimevaa kombati miaka kadhaa, wapi sitasema. Za vita nyingi naangalia nusu naacha. Iliyonikamata ni Generation Kill, 2008, episodi 7 tu, na ni hao hao Simon na Burns. Imetoka kwenye kitabu cha Evan Wright, mwandishi wa jarida la Rolling Stone aliyepanda gari moja na kikosi cha upelelezi cha Marine, wale askari wa majini wa Marekani, wakati Marekani inaingia Iraki 2003.

Muziki wa kukuambia "sasa ogopa" hakuna. Muziki ni wanaoimba wenyewe garini, na wanaimba vibaya. Miwani ya kuonea usiku wanayo, betri hawana. Mafuta ya bunduki wanayatafuta kama dhahabu. Magari hayana bamba la kuzuia risasi. Katikati ya hayo yote kuna sajini meja anazunguka jangwani anakagua masharubu ya watu. Hapo nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini, maana mimi niliwahi kutolewa kwenye foleni ya chakula kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati, siku ambayo gari la maji lilikuwa halijafika tangu juzi, na afande aliyenitoa maji wala hakuyaulizia.

Halafu yule Rudy Reyes unayemuona mule ni Rudy Reyes mwenyewe, alikuwepo vitani kweli akaja kujiigiza.

Angalizo: episodi mbili za mwanzo hutajua nani ni nani, wote helmeti, wote vumbi, redioni wanaongea juu kwa juu. Usirudishe nyuma. Hata wao hawaelewi kinachoendelea.

Shushushu wa Sebuleni

Upande wa ujasusi mimi nafunga mjadala: Le Bureau des Légendes, Ufaransa, Canal+, 2015 hadi 2020, sizoni 5 za episodi kumi kumi. Jamaa wa kitengo cha nje cha Wafaransa, DGSE, kaishi Damascus miaka sita kwa jina la mtu ambaye hayupo, anarudishwa Paris, kazi imeisha, ila lile jina halimtoki. Bastola utazisubiri sana. Anachopambana nacho ni kukumbuka uongo gani alimwambia nani. Kuna binti pia, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, anaandaliwa kwenda Iran, na maandalizi yenyewe ndiyo yatakutoa jasho kuliko mabomu ya zile zako za juzi. Majina ya siri ya hao makachero ni matusi ya Kapteni Haddock, yule nahodha wa vitabu vya katuni vya Tintin, nilipogundua hilo nilifurahi kama mtoto.

Ya pili The Americans, 2013 hadi 2018. Aliyeibuni, Joe Weisberg, alishawahi kufanya kazi CIA. Mume na mke majasusi wa Kisovieti wanaishi karibu na Washington kama Wamarekani wa kawaida, watoto wawili, jirani yao mtu wa FBI. Usiseme chai, mwaka 2010 Marekani ilikamata watu kumi wa namna hiyo ikaenda kuwabadilisha na Warusi uwanja wa ndege wa Vienna. Mawigi yao ndo siyakubali, wigi na miwani tu halafu mtu hakujui!

Nyundo ya Usiku

Yaani watu wote hawa hakuna aliyetaja Band of Brothers, ile ya wanajeshi wa Marekani vita vya pili vya dunia? Ile ni kweli tupu, wazee wenyewe wanaongea mwanzoni.

BintiSubira

@Nyundo naipenda kuliko wewe, ile episodi ya Bastogne daktari wa kikosi anapita shimo hadi shimo kwenye theluji anaomba mkasi na morfini nimeirudia sijui mara ngapi. Lakini kweli tupu hapana. Episodi ya 3 inaisha na maandishi kwamba askari mmoja, Albert Blithe, hakupona jeraha akafariki 1948. Mwenzako alipona, akabaki jeshini, akaenda mpaka vita vya Korea, akafariki 1967. Kwa hiyo kaka zangu, "kisa cha kweli" ni kitu kimoja na uhalisia ni kingine, The Wire wahusika wa kubuni na inakuuma zaidi.

Mzee wa Remoti wewe wa uhalifu kaangalie Unbelievable, Netflix 2019, episodi 8. Msichana kabakwa. Askari wa kwanza anamuuliza ilikuwaje, anaeleza. Anakuja mpelelezi, aeleze upya. Hospitali, upya. Kituoni wanampa kalamu aandike. Kila akirudia kuna neno linahama kidogo, na hilo lililohama ndilo wanalomshikia. Kwingine wapelelezi wawili wa kike wa vituo tofauti wanakuja kukutana kwa sababu tu mume wa mmoja wao naye ni polisi, kaongea mambo ya kazini akiwa nyumbani. Ukisikia hivyo unasema huyu mwandishi kaishiwa, kumbe ndivyo ilivyotokea.

Sio ya kuangalia ukiwa peke yako usiku lakini.

Mzee wa Remoti

Wakuu asanteni, dada Subira hiyo yako naiweka wikiendi, tutaangalia na mke wangu. Nimeanza na Generation Kill kwa kuwa ni fupi. Nipo episodi ya pili, nimerudisha nyuma mara tatu na bado yule mwenye miwani simjui kama ni dereva au nani.

Koplo Mstaafu

Nilisema usirudishe.