Kiyoyozi, madirisha wazi au feni peke yake: kipi kina nafuu ya mafuta kati ya Kibaha na Posta?

Mkazi wa Kibaha

Wakuu, salaam. Natumia gari dogo la Kijapani lenye injini ya cc 1300. Siku za kazi natoka Kibaha kwenda Posta, katikati ya Dar es Salaam, na mwisho wa mwezi huenda Morogoro kuwaona wazee. Kwa joto la Januari na Februari nina njia tatu: kuwasha kiyoyozi safari nzima, kufungua madirisha, au kuwasha feni bila kubonyeza kitufe cha AC. Kila ninayemuuliza ana jibu lake, na wengi hujibu kana kwamba foleni ya Kimara na barabara ya Chalinze ni kitu kimoja. Naomba mwenye hesabu atuwekee hesabu.

Fundi Baridi

Ndugu, feni tuiondoe mapema kwenye mjadala, kwa kuwa inatumia umeme kidogo tu wa altaneta na mafuta yake huwezi hata kuyaona kwenye geji. Tatizo ni kwamba saa saba mchana inakupulizia joto lilelile la nje.

Kinachokula mafuta ni kompresa, yaani pampu inayobana gesi ya kiyoyozi, ambayo katika gari lako huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Simama gari likiwa linanguruma, fungua boneti, kisha mtu abonyeze kitufe cha AC: utasikia klachi ya kompresa ikishika kwa mlio mfupi, injini itatikisika kidogo, halafu kompyuta itapandisha raundi ili gari lisizime. Mafuta ya ziada huanzia hapo.

Hesabu ya kukadiria ni hii. Tuchukulie kwamba ndani kukishapoa kompresa inadai wastani wa kilowati 1 kutoka kwenye injini. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9, na injini hugeuza kama robo yake kuwa kazi, kwa hiyo kiyoyozi kitakula karibu lita 0.45 kwa saa. Sasa angalia maneno "kwa saa". Kompresa hailipwi kwa kilomita. Ukiwa kwenye foleni kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 100 zinakuchukua saa 5, yaani zaidi ya lita 2 za kiyoyozi peke yake. Ukienda kilomita 80 kwa saa, umbali huohuo unakula kama nusu lita. Dakika za kwanza, gari likiwa limeanikwa juani kutwa, mzigo ni mkubwa kuliko huo.

Msomi wa Upepo

Naunga mkono, na naomba niongeze upande wa madirisha, maana yanasemwa kuwa ni bure wakati si bure. Nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 40 kwenda 80, kizuizi kinakuwa mara nne, na dirisha lililo wazi linakizidisha kwa sababu hewa iliyokuwa ikiteleza ubavuni sasa inaingia ndani na kuvurugika. Katika mwendo wa foleni hasara hiyo karibu haipo. Katika barabara kuu ipo, na kwa gari lenye umbo la kuteleza huonekana zaidi kuliko kwa gari lenye umbo la sanduku, ambalo tangu mwanzo linapigana na upepo.

Wizara ya Nishati ya Marekani inawashauri madereva wafungue madirisha katika mwendo mdogo na wawashe kiyoyozi katika barabara kuu. Inaeleza pia kwamba kwenye joto kali kiyoyozi kinaweza kupunguza umbali unaopatikana kwa mafuta yaleyale kwa zaidi ya asilimia 25, hasa katika safari fupi. Ila mtu asikuambie kuna mwendo mmoja ambao kwa kila gari kiyoyozi huanza kuwa nafuu kuliko madirisha, kwa kuwa unategemea umbo, kompresa na idadi ya madirisha uliyofungua.

Mama Ubungo

Kwenye foleni ya malori mimi siwezi kufungua dirisha, hata kama nitaokoa lita mbili. Moshi na vumbi navyo vina gharama.

Dereva wa Nyanda

Nipitaye Kitonga nina la kusema. Mnapanda mlima na gari la injini ndogo: zima AC, kwa sababu nguvu inayochukuliwa na kompresa utaihisi mguuni na injini inahitaji kupoa. Mnashuka mkiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye pedeli: iwasheni bila wasiwasi. Magari mengi yanayopuliza mafuta kwa sindano za kielektroniki hukata mafuta katika hali hiyo, na kompresa inazungushwa na magurudumu, kwa hiyo baridi ya mteremkoni ni ya bure kweli.

Mhasibu wa Gari

Tahadhari kwa wanaonunua gari kwa kuangalia kilomita kwa lita zilizobandikwa Japani: vipimo vyao vya zamani vya ulaji wa mafuta, 10-15 na JC08, vilifanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Marekani waliingiza kipimo cha kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwenye joto la nyuzi 35 katika takwimu za magari ya kuanzia toleo la 2008, ndiyo maana takwimu zao ziko karibu zaidi na hali yetu.

Mkazi wa Kibaha

Nashukuru sana. Swali dogo: nikizungusha kitasa cha joto kuelekea nyekundu kidogo, kompresa haitapumzika?

Fundi Baridi

Katika magari mengi yenye vitasa vya mkono, hapana. Hewa hupozwa kwanza, kisha hupitishwa kwenye kipasha joto chenye maji ya injini, kwa hiyo unalipia baridi halafu unaiharibu. Afadhali upunguze feni na ubonyeze kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani, ili ipozwe hewa iliyokwisha kupoa badala ya kuvuta joto la nje. Kabla ya kuondoka, fungua madirisha dakika chache joto lililojazana litoke.

Kagua pia kondensa, yaani sehemu ya kiyoyozi inayotoa joto nje, iliyoko mbele ya rejeta. Ikizibwa na tope, au gesi ikijazwa kwa kukisia bila geji, kompresa hufanya kazi ngumu na baridi haiji. Nimeona gari likipewa gesi ya pili ilhali lilihitaji kuoshwa kwa maji tu.

Kwa ratiba yako: asubuhi mapema fungua madirisha hadi Posta, jioni washa kiyoyozi ndani kukiwa kumeshapumua, njia ya Morogoro funga vioo na uwashe, isipokuwa vijijini kwenye vibao vya 50. Ukitaka uhakika, jaza tangi hadi pampu ikatike, tembea wiki na kiyoyozi, jaza tena pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita, kisha rudia wiki nyingine bila kiyoyozi kwa njia na saa zilezile.