Mtoto kaunganisha sentensi, kakatwa alama. Tunafundisha kuandika au kukata kachumbari?

Wakuu, salaam.

Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa ada wala ule wa michango ya mitihani. Kinachotakiwa kuunganishwa hapa ni sentensi, na ndicho kilichonikosesha usingizi tangu juzi.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi nimerudi kazini nimechoka, nikakuta daftari lake la Kiswahili liko wazi mezani, mwenyewe kajikunyata kwenye kochi hataki hata kunipokea mkoba. Walipewa insha fupi kuhusu siku wasiyoisahau. Yeye akaandika juu ya siku moja kule kwa bibi yake, na humo ndani kuna sentensi hii. Nainakili kama ilivyo:

"Bibi alipokuwa akikoroga uji, paka aliyekuwa amejificha nyuma ya mtungi akaruka, akaparamia sufuria, na uji wote ukamwagikia mkeka mpya."

Mtoto wa miaka 11 huyo! Niliisoma nikacheka peke yangu, maana paka huyo namfahamu na mkeka huo niliununua mimi. Kisha nikaona kalamu nyekundu. Mstari umepigwa chini ya sentensi yote kana kwamba kaandika tusi, na pembeni: "NDEFU MNO. IGAWE." Alama 4 kwa 10.

Ukurasa unaofuata kuna masahihisho, kagawa kama alivyoagizwa:

"Bibi alikuwa anakoroga uji. Paka alikuwa amejificha. Paka alikuwa nyuma ya mtungi. Paka aliruka. Paka aliparamia sufuria. Uji ulimwagika. Uji ulimwagika kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa mpya."

Tiki. Alama 9 kwa 10. "Vizuri sana, endelea hivyo."

Aendelee hivyo kwenda wapi, jamani? Paka katajwa mara nne kama mshitakiwa anayesomewa mashtaka. Sentensi moja iliyokuwa inakimbia imekatwa vipande vinane, na kila kipande kimekaa peke yake kama abiria wasiojuana. Mkeka mpya, ambao ndio uchungu wa habari yote (muulizeni bibi), umetupwa mwishoni kama kitu kilichookotwa.

Jana asubuhi nikaomba ruhusa ya saa moja kazini, nikaenda shuleni. Sikwenda kugombana, niwahi kusema, maana najua humu kuna watu kazi yao ni kusema "wazazi wa siku hizi". Mwalimu ni binti mdogo, ana heshima zake, kanipa shikamoo na kiti. Nikamwonyesha daftari, nikamuuliza, mwalimu, kosa la hii sentensi ni lipi? Kiunganishi? Ngeli? Nukta? Akaisoma taratibu. Akasema, "Kosa haina, baba. Ila ni ndefu."

Ila ni ndefu!

Halafu akaniambia jambo ambalo, kusema kweli, lilinipunguza kasi. "Baba, nina watoto 87 humo ndani. Nikiruhusu sentensi ndefu naletewa ukurasa mzima wa halafu tukaenda, halafu tukala, halafu tukacheza, halafu tukalala, nukta hakuna mpaka mwisho. Nikiwaambia waandike fupifupi, angalau nasahihisha nikamaliza kabla umeme haujakatika."

Hapo ana hoja na simlaumu yeye peke yake. Madaftari ya "halafu" hata mimi nimeyaona, na mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wake. Lakini dawa ya halafu kumi haiwezi kuwa nukta kumi. Aliyeandika halafu kumi hajaunganisha chochote, kapanga tu matukio foleni. Aliyeweka nukta kumi kafanya vilevile, tofauti ni kwamba yeye kaweka viti katikati ya foleni. Wote wawili hawajatuambia kipi kilisababisha kipi, kipi kilitokea wakati kingine kinaendelea, na kipi ndicho habari yenyewe.

Naomba hapa nieleweke, kwa sababu kuna watu wanadhani mambo ya kuunganisha sentensi ni mapambo, kama mtu anaweka maua kwenye dirisha. Chukueni sentensi mbili za kitoto kabisa: Mvua ilinyesha. Nilienda shambani. Haya, tuunganishe. "Mvua iliponyesha, nilienda shambani": huyu ni mkulima, alikuwa anaisubiri apande. "Ingawa mvua ilinyesha, nilienda shambani": huyu ni mbishi. "Nilienda shambani mvua ikinyesha": huyu kaloa, mpeni kanga ajifunike. "Mvua ilinyesha kwa sababu nilienda shambani": huyu anajiona mganga. Watu wanne tofauti! Ukiwaachia nukta katikati wote wanne wanafanana, na msomaji anabaki anakisia.

Kuna mfano mwingine huwa nawapa vijana kazini wanaoleta ripoti. Taarifa ni mbili, kijana kaiba kuku, kijana kafaulu mtihani. Sema "Kijana aliyeiba kuku amefaulu mtihani", uone mtaa utakavyonuna. Sema "Kijana aliyefaulu mtihani ameiba kuku", uone utakavyosikitika. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni kipi umekifunga kwenye kirejeshi (ile -ye- ya "aliyeiba") na kipi umekiacha kitembee na kitenzi kikuu. Kwenye kirejeshi unaweka kile ambacho watu wanakijua tayari, habari mpya unaiachia kitenzi kikuu. Mtoto anayefundishwa "igawe" hafiki kamwe kwenye uamuzi huo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kimeturahisishia kazi hii kuliko tunavyostahili. Silabi moja tu ndani ya kitenzi inatosha. Ukitia -po-, umepata wakati: alipofika. Ukitia -ki-, jambo moja limeingia ndani ya jingine: alikaa akilia. Ukitia -ka-, hata "na" huihitaji, matukio yanashikana mikono yenyewe: akaruka, akaparamia, ukamwagika. Ukitia -ye- umempa mtu sifa bila kumwita jina mara ya pili. Binti yangu katumia zote nne kwenye sentensi moja bila kujua zinaitwaje. Kazitoa wapi? Kwa bibi yake huyohuyo, kwenye hadithi za sungura, akaenda, akafika, akamkuta fisi amelala. Kwa hiyo mtoto kaenda shule na mali yake mkononi, shule ikamnyang'anya.

Sasa ngoja niwaambie inakoishia. Nina mpwa wangu yuko kidato cha tatu, nakaa naye. Huyo mpe sentensi changamano akuchanganulie kwa njia ya matawi, atakuchorea mti mzuri, KN (kikundi nomino) huku, KT (kikundi tenzi) kule, kishazi tegemezi kinaning'inia pale pale panapotakiwa. Sentensi sahili, ambatano, changamano, shurutia, zote kazikariri na mifano yake. Wiki mbili zilizopita alichelewa kurudi shule baada ya likizo, akaambiwa aandike barua ya kuomba radhi. Akaniletea niisome:

"Naomba radhi. Nilichelewa kurudi shule. Gari liliharibika. Gari liliharibika njiani. Nilikuwa na nauli. Nauli iliisha. Naomba nisamehewe."

Nikamuuliza, nauli iliisha kwa sababu gari liliharibika ukalazimika kupanda jingine, au ulikuwa umeshaila kwenye chipsi kabla? Akasema, "Kwa sababu liliharibika, mjomba." Mbona hukuandika? Kimya. Huyu mtoto anaweza kuuchora mti wa sentensi changamano, ila kivuli chake hajawahi kukikalia. Ni sawa na kumfundisha mtu majina ya vipuri vyote vya baiskeli mpaka atoke na A, na siku zote hizo hajawahi kuipanda.

Na mitihani nayo inachangia. Tuliomaliza la saba tunaukumbuka ule utungaji wa kupewa sentensi nne zilizovurugwa, unazipa herufi A mpaka D basi, umetunga. Umetunga nini? Umepanga. Hakuna mahali ulipoulizwa, hizi nne unaweza kuzifanya mbili? Moja? Ukizifanya moja, ipi itakaa mbele?

Ndiyo maana tukikua tunaandika matangazo kama hili nililoliona limebandikwa mahali (sipataji): "Maji yatakatika Jumamosi. Matengenezo yanaendelea. Wananchi wajiandae." Wajiandae na nini? Maji yatakatika ili matengenezo yafanyike, au yatakatika ingawa matengenezo yamefanyika? Kwa ninavyoyajua mabomba yetu yote mawili yanawezekana.

---

NYONGEZA (usiku): Nimesoma maoni, naona nijibu mawili matatu kabla sijalala.

Mkuu unayesema sentensi fupi ndiyo uandishi wa kisasa, watu hawana muda: sikatai sentensi fupi. Nazipenda. Msikilizeni mtangazaji wa mpira redioni, anampa, anamtoka mmoja, anapiga. Pale fupi ndiyo yenyewe kwa sababu mambo yanakwenda mbio. Na ukitaka fupi iume, itangulize na ndefu. Ningekuwa mimi mwalimu ningemwambia binti yangu aongeze moja tu baada ya ule uji kumwagika: "Bibi alinyamaza." Basi. Msomaji ataganda hapo hapo. Lakini ukimpa nane mfululizo zenye urefu uleule, hakuna inayouma hata moja, ni kama matone ya bomba bovu usiku.

Uliyeandika kwamba watoto wanaanzishwa na "Huyu ni baba. Baba analima." na mbona wote tumesoma hivyo: ni kweli, na kwa darasa la kwanza na la pili, kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ni sahihi kabisa, mtoto ndiyo kwanza anatambua herufi. Hoja yangu ni la tano. Kaptula ya darasa la kwanza huwezi kumvalisha wa la tano halafu ukamlaumu kwa kuwa na miguu.

Dada uliyeniuliza ushahidi uko wapi kwamba kuunganisha kunasaidia, asante, swali zuri kuliko matusi ya wenzako. Marekani walilihangaikia hili miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1973 Frank O'Hare alichapisha utafiti aliofanya kwa wanafunzi wa darasa la saba kule kwao. Aliwapa mazoezi ya kuchukua sentensi fupi na kuziunganisha, bila kuwakaririsha istilahi za sarufi, na uandishi wao ukawazidi wenzao waliokuwa hawafanyi mazoezi hayo. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za kufundisha uandishi kwa vijana, wakataja mbinu 11 zinazosaidia, kuunganisha sentensi ikiwemo. Sisemi tuige kila kitu cha Wamarekani. Nasema wao lugha yao haina hata -ka-, na bado wamehangaika. Sisi tunayo bure, tunaikata kwa kalamu nyekundu.

Na wewe unayesema nimhamishe shule: ada utalipa wewe?

Nilichomwomba mwalimu kabla sijaondoka ni kitu kidogo tu. Kwa wiki mara moja aandike ubaoni sentensi nne fupi, watoto wazifanye moja, kisha wasomeane. Watoto 87 watatoa sentensi za aina nyingi, na hahitaji kusahihisha zote. Achague tatu azizungumzie, aulize darasa hii inasema nini ambacho ile haisemi. Akaandika kwenye kikaratasi, akakikunja akakiweka kwenye pochi. Sijui kama atakifungua.

---

NYONGEZA YA PILI (leo): Nimempigia mama kijijini, nikamwambia mjukuu wako kaandika habari yako na ule uji, ngoja akusomee. Binti akachukua simu. Kwa kuwa ana hasira na mimi kwa kwenda shuleni kumwaibisha, kwa makusudi akasoma ile ya alama 9. Akasoma vizuri, nukta kwa nukta, mpaka mkeka ulikuwa mpya.

Bibi akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia kwenye spika:

"Mjukuu wangu, kwani siku ile paka walikuwa wangapi?"