Mrejesho: igizo la Ruthu la vijana wa usharika wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliomba ushauri hapa kuhusu igizo letu la nyimbo, la kisa cha Ruthu wa kwenye Biblia: nani atajwe kuwa mtunzi, maana mwandishi wa maneno na mpiga kinanda walishaanza kununiana.

Nilifuata mlivyosema, tukakaa wote pamoja na mzee wa kanisa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi tangu inapotungwa, hata kabla ya kusajiliwa COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya nchi), na watunzi wawili wanaweza kuimiliki kwa pamoja. Tukaandika maneno ni ya nani, muziki ni wa nani, na mwelekezi ni nani. Wote wakatia sahihi.

Tangu hapo kazi imenoga mno! Kwenye wimbo wa Naomi, mama mkwe wa Ruthu, kurudi Bethlehemu ngoma zote zimenyamazishwa, imebaki kayamba tu, na binti anayeimba sasa anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Mwandishi ndiye aliyependekeza, mpiga kinanda akakubali papo hapo. Watoto wa shule ya Jumapili wanaokota masuke ya shayiri huku wakiitikia.

Bado tunatafuta vitenge vya mavazi. Asanteni sana, mmetusaidia kweli.