Kwanini Kenya wana Kadhi kwenye katiba, sisi Bara hatuna?

Mpwa wa Pangani:
Wakuu habari zenu. Juzi nilikuwa Mombasa kwenye harusi, katika kupiga stori shemeji mmoja akanambia mirathi ya baba yake iliamuliwa na Kadhi, yaani hakimu wa sheria za Kiislamu, tena Kadhi wa serikali kabisa anayelipwa mshahara. Nikabaki mdomo wazi. Kenya kwa sensa ya 2019 Waislamu ni kama asilimia 11 tu, na wanaye kwenye katiba. Sisi huku Waislamu wametapakaa kuanzia Tanga mpaka Ujiji, TANU yenyewe ilibebwa na masheikh na kina mama wa Kariakoo, Bibi Titi na wenzake, halafu hatuna. Imekuwaje? Naomba historia, matusi wekeni pembeni.

Kibarazani:
Mpwa, usihesabu vichwa, angalia ardhi. Ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza aliupangisha tu mwaka 1895, ndo maana bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa inapepea Fort Jesus miaka yote ya ukoloni. Sasa 1963 uhuru unabisha hodi, mwenye nyumba inabidi aachie. Oktoba hiyo Kenyatta akaandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, akaahidi mahakama za Kadhi zitabaki, Kiarabu kitafundishwa na hati za mashamba zitaheshimiwa. Kadhi wao alitokea hapo. Huku kwetu Mjerumani alianza kwa kuikodi pwani, 1890 akanunua moja kwa moja, marki milioni 4, biashara ikaisha. Kwahiyo 1961 hakukuwa na Sultani wa kumdai Nyerere chochote.

Wakili wa Mtaani:
Mzee kaeleza vizuri ila Bara makadhi walikuwepo jamani, wakati wa Mwingereza walikuwa wanasikiliza kesi pamoja na maliwali, wale watawala wa miji ya pwani. Sheria ya mahakama ya 1963 ndo iliwaondoa ilipounganisha mahakama zote, na mabaraza ya machifu yalikwenda na maji hayohayo, so hawakulengwa Waislamu peke yao. Na fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, haikufutwa, hakimu wa mahakama ya mwanzo anaweza kugawa mirathi Kiislamu hata kama yeye Jumapili yuko kanisani. CCM waliliweka suala la Kadhi kwenye ilani ya 2005, watu wakasubiri weee, mapema 2015 muswada ukakwama.

Mvita Asilia:
Ndugu zetu msitutamani sana. Huyo Kadhi mwaka 2010 nusura atuvunjie katiba nzima, makanisa yalimpinga mpaka siku ya kura ya maoni ya katiba mpya, tarehe 4 Agosti, ikapita kwa thuluthi mbili hivi. Na kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu basi, tena mpaka pande zote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwake. Siasa ni mlango mwengine. 1992 vyama vingi viliporudi IPK (Islamic Party of Kenya) ilinyimwa usajili kwa kuwa ni chama cha dini, vijana wakapambana na polisi hapa mjini. Na zile hati za mashamba zilizoahidiwa, waulize maskwota wa pwani walipata nini.

Kibarazani:
Wakili, kuna kitu umeruka. Wazee wetu walikuwa na nafasi ya kudai wakaamua kutodai. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, 1958 alipoanza kuuliza Waislamu watapata nini baada ya uhuru walimfukuza chamani, na waliokuwa wamezunguka meza ile wengi walikuwa Waislamu wenzake. AMNUT, chama cha siasa cha Waislamu, nao walipotaka uhuru usubiri kwanza hawakupata watu. Walikuwa wanaogopa nchi kugawanyika, na mimi siwalaumu, ila 1968 EAMWS, ile jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipopigwa marufuku ikaja BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) wengi walikumbuka maneno ya Takadir.

Mpwa wa Pangani:
Ahsanteni, sasa niseme ukweli kwanini nimeuliza. Mzee wetu kaacha wake wawili na shamba la minazi, kaka mkubwa anataka mila, sisi tunataka Kiislamu, mwaka wa pili huu tunapigwa kalenda.

Wakili wa Mtaani:
Pole mkuu. Hapo hakimu ataangalia marehemu aliishi vipi na alitaka nini. Tafuteni mashahidi, waliokuwa wanaswali naye msikitini, aliyewafungisha ndoa, na kama kuna wosia hata wa karatasi ya daftari upelekeni.